NCHI JIRANI: MAMA MJAMZITO NA SARATANI YA MLANGO WA KIZAZI



Habari zinazotufikia kutoka nchi jirani mara nyingi huwa ni za uchaguzi, za mipaka, za bei ya mahindi na za mikutano ya wakubwa. Leo tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo lisilokuwa na bendera wala wimbo wa taifa, lakini ambalo huvuka mpaka kila siku ndani ya mabasi yanayokwenda Lusaka, Kampala, Kigali, Nairobi na Dar es Salaam. Jambo lenyewe ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo wengi bado wanaiita kansa ya kizazi. Na hasa tunataka kuitazama pale inapomkuta mwanamke akiwa mjamzito, au akiwa bado hajamaliza kuzaa.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu siku hizi katika nchi nyingi duniani mwanamke wa namna hiyo anapoingia kwa daktari huulizwa swali ambalo mama zetu hawakuulizwa kamwe. Huulizwa kama angependa kuitunza mimba aliyo nayo, na kama angependa kuzaa tena baadaye. Halafu matibabu hupangwa kwa kufuata jibu lake, kadiri ugonjwa unavyoruhusu. Katika sehemu yetu ya Afrika swali hilo huulizwa mara chache sana. Wapo wanaodhani kwamba haliulizwi kwa kuwa sisi ni maskini wa mashine na wa mabingwa. Umaskini huo upo, hatuukatai. Lakini mambo yaliyotokea kwa majirani zetu katika miaka hii 20 yanaonyesha kwamba kisa hasa kiko mahali pengine.

Kwanza tueleze ugonjwa. Saratani hii husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana na ambacho karibu kila mtu mzima hukutana nacho wakati fulani. Ni daktari wa Kijerumani, Harald zur Hausen, aliyeonyesha mwaka 1983 kwamba aina ya 16 ya kirusi hicho imo ndani ya saratani ya mlango wa kizazi, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Wanawake wengi hupata kirusi hicho kikaondoka chenyewe bila wao kujua. Kwa wachache hakiondoki. Chembe za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya mabadiliko hayo kuwa saratani. Kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, muda huo huweza kupungua ukawa miaka 5 hadi 10, na hatari yake ya kuugua ni mara 6 kuliko ya mwanamke asiyekuwa na virusi hivyo. Yafaa tuikumbuke hesabu hii ya miaka, kwa maana ndiyo inayoubeba mjadala wote. Ugonjwa unaokuja kwa mwendo wa miaka 15 hauwezi kusemwa kwamba umetushtukiza.

Kukutana kwa saratani hii na ujauzito ni jambo la nadra. Katika nchi zilizofanya hesabu hizo, wanaokutwa nayo wakiwa wajawazito wameonekana kuwa wachache tu. Hata hivyo, hesabu hizo zinatoka zaidi katika nchi ambazo wanawake wake hupimwa tangu ujana. Katika ukanda wetu saratani hii ni miongoni mwa zile zinazoua wanawake wengi zaidi. Malawi, mwaka 2020, ilikadiriwa kuwa na vifo zaidi ya 50 kwa kila wanawake 100,000, kiwango cha juu kuliko karibu nchi zote duniani. Na hapa Tanzania, kwa mwaka huo huo, ilikadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 10,000 waliugua na zaidi ya 6,000 walifariki. Wengi wa wanawake hao ni wa umri wa kuzaa au wametoka katika umri huo jana na juzi.

Sasa tuchukue mfano, tupate kuelewana. Tuseme yupo mwanamke wa miaka 31 anayeishi Tunduma na kufanya biashara ya nguo upande wa pili, Nakonde, nchini Zambia. Ana mtoto mmoja, na sasa ana mimba ya miezi minne. Anatokwa na damu kidogo kidogo, hasa baada ya kukutana na mumewe. Anakwenda kliniki. Anapimwa wingi wa damu, anapimwa presha, tumbo linapapaswa, moyo wa mtoto unasikilizwa, naye anaambiwa kwamba mimba inatishia kutoka, akapumzike. Mwezi wa sita damu inarudi. Anaambiwa maneno yale yale. Hapana aliyemdanganya. Damu katika ujauzito huwa na sababu nyingi, na iliyo nyingi haina uhusiano wowote na saratani. Lakini mpaka hapo hapana mtu aliyeutazama mlango wa kizazi kwa macho, kwa kutumia kile kifaa rahisi cha kufunulia njia ya uzazi kilichomo katika kila chumba cha kuzalia. Ultrasaundi ikishaonyesha kwamba kondo la nyuma halikuziba njia, kutazama huko hakumdhuru mama wala mtoto. Ni kazi ya dakika chache.

Kama ametazamwa, na kama kidonda kimeonekana, yapo mengi yanayoweza kufanyika. Hapa tunaomba msikilizaji atuvumilie, kwa sababu maelezo haya hayatolewi mara kwa mara.

Kukata kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara kunawezekana wakati wa ujauzito. Damu hutoka zaidi ya kawaida, lakini mkono uliozoea huizuia. Kukwangua ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi ndiko kusikofanywa. Majibu yakionyesha kwamba chembe zimebadilika tu, haijawa saratani, mama huachwa azae kwa amani. Huangaliwa kwa darubini, kisha hutibiwa wiki kadhaa baada ya kujifungua. Mabadiliko ya namna hiyo ni nadra kugeuka saratani ndani ya miezi michache ya mimba.

Ikiwa imekwisha kuwa saratani, lakini changa kabisa, yenye kina kisichozidi milimita 3, inaweza kuondolewa kwa kukata kipande chenye umbo la pia kutoka katika mlango wa kizazi. Kazi hiyo hufanywa vizuri zaidi baada ya miezi mitatu ya kwanza na kabla mimba haijakuwa kubwa. Mimba hubaki, na kizazi hubaki. Ikiwa uvimbe unaonekana kwa macho lakini haujafikia sentimita 2, tezi za nyonga huchunguzwa kwa upasuaji kabla ya kama wiki ya 22; zikiwa safi, madaktari wanaweza kuuondoa uvimbe kwa operesheni ndogo, au kusubiri kwa uangalifu mpaka mtoto akomae. Ukiwa mkubwa zaidi ya hapo, zipo dawa za saratani zinazotiwa katika mshipa, ambazo huweza kutolewa baada ya wiki ya 14, viungo vya mtoto vikiwa vimekwisha kujengeka. Dawa hizo huuzuia ugonjwa usiendelee, nazo husimamishwa kama wiki tatu kabla ya kuzaa ili damu ya mama na ya mtoto ipate nguvu. Mtoto hutolewa kwa kupasuliwa tumbo, kwa sababu uvimbe ukipitiwa na kichwa cha mtoto huweza kutoa damu nyingi mno, na chembe zake huweza kupandikizwa katika kidonda cha njia ya uzazi.

Msikilizaji atashtuka kusikia mama mjamzito anapewa dawa za saratani. Wengi walishtuka, na madaktari wenyewe walikuwa wa kwanza. Ndiyo sababu kundi la watafiti likiongozwa na Profesa Frédéric Amant wa Leuven, nchini Ubelgiji, liliwafuatilia watoto 129 ambao mama zao waliugua saratani za aina mbalimbali wakiwa wajawazito, likawalinganisha na watoto wengine 129 ambao mama zao walikuwa wazima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Akili za watoto wa makundi yote mawili zilikua sawasawa. Waliochelewa kidogo walikuwa wale waliozaliwa kabla ya wakati, na hao walikuwamo katika kila kundi. Tangu hapo madaktari wengi wamekuwa waangalifu zaidi wasiharakishe kumtoa mtoto mapema bila sababu.

Kwa mwanamke ambaye si mjamzito, au aliyekwisha kujifungua, na ambaye uvimbe wake ni mdogo, ipo njia nyingine. Daktari wa Kifaransa, Daniel Dargent, wa mji wa Lyon, alianza mwaka 1987 kuondoa mlango wa kizazi peke yake pamoja na nyama inayouzunguka, akauacha mfuko wa uzazi mahali pake, kisha akaufunga chini kwa uzi. Tangu wakati huo watoto wengi wamezaliwa kutoka katika mifuko ya uzazi iliyobakizwa kwa njia hiyo. Si njia isiyokuwa na gharama: mimba zake hutoka au huzaliwa kabla ya wakati kuliko nyingine, na kuzaa ni kwa upasuaji siku zote. Lakini ni njia.

Sasa tuseme upande mgumu. Ugonjwa ukishatoka nje ya mlango wa kizazi, njia zote hizi hufungwa. Hapo tiba ni mionzi pamoja na dawa. Mionzi ya nyonga haipatani na mimba. Mtoto hafi kwa bahati mbaya, hufa kwa hakika. Nayo huua pia kazi ya kizazi na ya mayai ya mwanamke. Akiwa na mimba changa, huambiwa achague maisha yake. Akiwa na mimba iliyokwisha kukomaa, mtoto hutolewa kwanza, na mama huanza mionzi baadaye. Tofauti baina ya mwanamke anayeulizwa maswali mawili yale tuliyoyataja na mwanamke asiyeulizwa lolote ni sentimita chache za uvimbe, na sentimita hizo ni miezi na miaka ambayo hapana aliyetazama.

Katika lugha yetu neno kizazi lina maana mbili. Ni mfuko wa uzazi, na pia ni watu wa rika moja, wajukuu na vitukuu, ukoo unaoendelea. Basi daktari anaposema tutaondoa kizazi, mwanamke na jamaa zake husikia maneno yote mawili kwa pamoja. Wauguzi wanajua hili. Wanajua kwamba wapo wanawake waliotoroka wodini usiku wa kuamkia operesheni, wakaenda kwa mganga, wakarudi baada ya mwaka wakiwa hawatibiki. Ni rahisi kumwita mwanamke huyo mjinga. Lakini amefanya hesabu yake: mume atamwoa mwingine, mama mkwe atasema la kusema, mawifi watapata la kucheka, na mtoto wake mmoja atabaki peke yake duniani. Hapana aliyemwambia kwamba katika ugonjwa mchanga kizazi kinaweza kubaki. Katika hali ya ugonjwa wake, pengine kweli kisingeweza. Lakini hata wale ambao kingeweza kubaki hawaambiwi, kwa kuwa anayewaeleza mwenyewe amezoea kuwaona wagonjwa wa mwisho.

Hebu basi tuwatazame majirani, tukianza na Zambia, kwa sababu kwa maoni yetu ndiyo iliyofanya jambo la maana zaidi kwa fedha kidogo zaidi.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 katika zahanati za serikali mjini Lusaka ulianzishwa mpango wa kuwapima wanawake. Walioongoza kazi hiyo walikuwa Dakta Mulindi Mwanahamuntu, Mzambia, na Dakta Groesbeck Parham, Mmarekani. Hawakuanza na maabara, kwa sababu wachunguzi wa chembe walikuwa hawapatikani. Walianza na wauguzi. Muuguzi alipaka siki juu ya mlango wa kizazi, siki ya kawaida iliyopunguzwa makali, akasubiri dakika moja au zaidi. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe. Kisha alipiga picha kwa kamera ya kawaida ya kidijitali, akamwonyesha mwanamke mwenyewe mlango wake wa kizazi katika kioo cha kompyuta, na picha yenye mashaka alimpelekea daktari aliyekuwa hospitali kuu. Palipohitajika tiba, na kidonda kikiwa kidogo, alikigandisha kwa baridi kali ya gesi siku ile ile. Vidonda vikubwa vilipelekwa hospitali vikakatwe kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Kufikia mwaka 2013 wanawake zaidi ya 100,000 walikuwa wamekwisha kupimwa.

Yapo mambo mawili katika kazi hiyo ambayo hayasifiwi vya kutosha. La kwanza ni kule kumwonyesha mwanamke picha. Mtu aliyekiona kidonda chake kwa macho yake hahitaji hotuba ndefu ya kushawishiwa, naye akirudi nyumbani anawaeleza shoga zake. La pili ni kwamba mpango uliwekwa ndani ya majengo yale yale ambamo wanawake wenye virusi vya UKIMWI walikuwa tayari wanachukua dawa. Haukumtafuta mwanamke nyumbani. Ulimngoja pale anapopita. Mwaka uliofuata, 2007, Zambia ikafungua Hospitali ya Maradhi ya Saratani mjini Lusaka, na wagonjwa waliokuwa wakipelekwa nchi za kusini wakaanza kutibiwa nyumbani. Angalia mpangilio huo: kupima na kutibu vilikwenda bega kwa bega. Nchi inayopima bila kutibu huwapa watu wake habari mbaya tu.

Nchini Uganda tulishuhudia kinyume chake. Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago, Kampala, ni ya tangu mwaka 1967, na imetoa elimu iliyonufaisha dunia nzima. Lakini tiba yote ya mionzi ya nchi hiyo ilitegemea mashine moja iliyofungwa mwaka 1995. Mwaka 2016 mashine hiyo ikaharibika isitengenezeke tena. Wagonjwa waliokuwa katikati ya matibabu waliachwa njiani, na sehemu kubwa ya wale waliohitaji mionzi walikuwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Hospitali ya Aga Khan mjini Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo ya tiba. Ulikuwa ujirani mwema, nao wastahili shukrani. Lakini mgonjwa anayetokwa na damu, mwenye mtoto mchanga, asiyekuwa na ndugu Nairobi, hasafiri kwa urahisi. Mashine mpya ilizinduliwa Januari mwaka 2018. Karibu miaka miwili ilipita, kwa kuwa mashine ya namna hiyo haiwekwi katika chumba chochote tu. Huhitaji kuta nene za zege, na kuta hizo hazijengwi kwa wiki moja.

Hatuyasemi haya kwa kumcheka jirani. Malawi kwa miaka mingi haikuwa na mashine hata moja. Rwanda nayo iliwapeleka wagonjwa wake nje mpaka mwaka 2019, ilipoanza tiba ya mionzi mjini Kigali. Tunayasema kwa sababu yanaonyesha hatari ya kuegemeza nchi nzima juu ya tiba ya mwisho. Hata mashine ikiwa nzima, ni mashine inayookoa maisha kwa kuchukua uzazi. Mwanamke wa Tunduma wa mfano wetu, kama angefika Mulago mwaka 2015, angetibiwa. Lakini asingezaa tena.

Rwanda ndiyo iliyotazama mbali kuliko sote. Mwezi wa Aprili mwaka 2011 ilianza kuwachanja wasichana wa darasa la sita nchi nzima dhidi ya HPV, ikiwa ya kwanza barani Afrika kufanya hivyo kitaifa. Chanjo za mwanzo zilitolewa kwa msaada wa kampuni ya Merck, na wakati ule walikuwapo wataalamu wa Ulaya walioandika kwamba nchi maskini kama ile ina mambo ya lazima zaidi ya kushughulikia. Waziri wa afya wa Rwanda wa wakati huo, Dakta Agnes Binagwaho, hakukubali hoja hiyo, na sisi tunadhani alikuwa na haki. Walimu waliorodhesha wasichana shuleni. Washauri wa afya wa vijiji waliwatafuta wale wasiokwenda shule. Katika mwaka wa kwanza zaidi ya wasichana 90 katika kila 100 walipata dozi zote tatu. Uganda ikafuata kitaifa mwaka 2015, Tanzania mwezi wa Aprili mwaka 2018, Malawi na Kenya mwaka 2019. Leo kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu mwezi wa Desemba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba dozi moja inaweza kutosha kwa wasichana, na nchi nyingi, ikiwamo yetu, zimefuata utaratibu huo.

Hapa inabidi tuseme neno juu ya uvumi. Katika nchi zote hizi, Kenya na kwetu tukiwamo, umevuma uvumi kwamba chanjo hiyo inawaondolea wasichana uzazi. Wazazi wenye nia njema wamewaficha mabinti zao. Sisi hatuoni uvumi mwingine uliopindua ukweli kwa kiasi hicho. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe, na operesheni yake, na mionzi yake. Chanjo ndiyo inayomwezesha binti afike miaka 40 akiwa na kizazi chake. Viongozi wa dini na wa vijiji ambao wamelisema hilo waziwazi wamefanya kazi kubwa kuliko mabango mengi ya wizara.

Lakini chanjo ni ya mabinti. Haimsaidii mwanamke wa Tunduma, ambaye alikwisha kuolewa chanjo ilipoanza. Yeye na mamilioni ya rika lake wanategemea kutazamwa, na hapa ndipo tunaporudi katika kliniki ya wajawazito.

Katika nchi zetu ni wanawake wachache wanaokwenda hospitali kupimwa mlango wa kizazi wakiwa hawaumwi. Nauli ni ghali, shamba halingoji, na aibu ipo. Lakini karibu kila mjamzito hufika kliniki walau mara moja. Kadi yake ina nafasi ya kuandika presha, wingi wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI na urefu wa mimba. Ni katika miezi hiyo tu ya maisha yake ambapo serikali inamwona kwa jina na kwa tarehe. Tena, katika nchi zenye utaratibu wa kupima, imeonekana kwamba saratani inayogunduliwa wakati wa ujauzito mara nyingi hugunduliwa ikiwa changa, kwa sababu ndio wakati mwanamke anapotazamwa.

Kipimo cha siki chenyewe si rahisi kusomeka wakati wa ujauzito, kwa maana mlango wa kizazi huwa umevimba na umejaa damu. Utaratibu uliopo ni kukiahirisha mpaka wiki ya sita baada ya kujifungua. Na wiki ya sita ndiyo siku ambayo mama huyo anamleta mtoto wake kuchanjwa. Anakuja mwenyewe, bila kuitwa na kipaza sauti, kwa kuwa hapana mama asiyetaka mwanawe achanjwe. Anakaa benchi, mtoto anapigwa sindano, analia, kadi inagongwa muhuri, mama anaondoka. Chumba chenye kitanda, taa, siki na muuguzi aliyefundishwa mara nyingi kiko mlango wa tatu kutoka pale. Tunauliza tu kwa nini mama huyo asipitishwe mlango ule kabla ya kurudi nyumbani. Zambia ilifanya hivyo kwa wanawake waliofuata dawa za UKIMWI. Kwetu benchi la chanjo lingeweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Na kwa yule anayetokwa na damu akiwa bado mjamzito, mkunga aelekezwe kutazama, tena kuandika kwenye kadi kwamba ametazama na ameona nini. Akiona kidonda, kipande cha nyama kipelekwe maabara na majibu yarudi kwa wiki, yasirudi kwa miezi. Tunalisisitiza hili la majibu kwa sababu mimba ina kalenda yake. Mwanamke aliyekatwa nyama katika wiki ya 16 na kupata jibu wiki ya 30 amekwisha kupoteza nusu ya njia tulizozieleza, hata kama kila daktari aliyemhudumia alikuwa hodari.

Mabingwa nao wanahitajika, na hapa majirani wanaweza kushirikiana badala ya kila nchi kungojea wake. Huko Eldoret, nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikiwafunza madaktari wa uzazi upasuaji wa saratani za wanawake. Mafunzo ya namna hiyo yamekuwako pia Kampala na Lusaka. Daktari mmoja aliyejua kukata kipande chenye umbo la pia katika hospitali ya mkoa, na anayejua pia ni mgonjwa gani asimkate bali ampeleke mbele, ni msaada mkubwa kwa wilaya zote zinazomzunguka. Na kwa mwanamke wa Tunduma, anayevuka mpaka kila asubuhi kuuza nguo, Lusaka na Dar es Salaam ni safari ndefu kwa namna moja. Rufaa yake iandikwe kwa maneno ambayo madaktari wa pande zote mbili wanayasoma sawasawa, ikiwa na ukubwa wa uvimbe kwa sentimita, umri wa mimba kwa wiki, na mstari mmoja unaosema kama mgonjwa anataka kuzaa tena.

Mstari huo wa mwisho hauna gharama, lakini hauandikwi. Fomu za rufaa zina nafasi ya jina la mume, kabila katika fomu za zamani, dini, na jina la balozi wa nyumba kumi. Matakwa ya mwanamke juu ya kizazi chake hayana kisanduku.

Mwezi wa Novemba mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kuikomesha saratani hii duniani, likiweka shabaha kwa mwaka 2030: wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya miaka 15, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakifika miaka 35 na tena wakifika 45, na wagonjwa 90 katika kila 100 wawe wanatibiwa. Rwanda imetangaza kwamba inataka kuzifikia shabaha hizo mapema zaidi, mwaka 2027. Mabinti wa darasa la sita waliochanjwa mwezi ule wa Aprili mwaka 2011, waliokuwa na miaka 12 wakati huo, sasa wamevuka miaka 25. Ndio wanaokaa leo katika mabenchi ya kliniki za wajawazito za Huye, Musanze na Kigali.